Maji ya Miguu

Shawa ya umeme ya kina Tarpey ilianza kuvuja mwezi wa Novemba, na kama ingevuja tu kama zinavyovuja shawa za watu, ningekuwa sina la kusimulia. Bomba likivuja lina mwendo mmoja, tone, tone, tone, mpaka ukasirike. Hii ilidondosha moja, ikangoja. Ikadondosha mawili, ikasita. Ungedhani ni mtu anayenyata pekupeku kwenye vigae, akiogopa kuamsha wenye nyumba.

Noreen ndiye aliyesikia kwanza, akiwa jikoni anamenya viazi. Akaacha kisu, akasikiliza, kisha akamwita mumewe.

"Malachy, shawa yako inavuja."

"Shawa yangu? Ikitoa maji ya moto ni yetu, ikivuja ni yangu?"

Malachy aliendesha lori la maziwa, na alikuwa mmoja wa wale wanaume ambao kumwita fundi kwao ni sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Akazima swichi kuu, akaingia bafuni na bisibisi yake. Kile kisanduku cheupe cha ukutani kilikuwa kimejaa chokaa ndani, kama kila kitu kinachopitisha maji ya huku wilayani Mayo. Kabla hajagusa chochote akachukua tambara kuukuu, akaliviringisha, akalisokomeza kwenye tundu la karo ya shawa, pale maji machafu yanapotokea.

"La nini hilo?" Noreen akauliza.

"Sheria ya kwanza ya ufundi, mke wangu. Ziba tundu. Skrubu ikidumbukia humo, imekwenda na maji."

"Ukimaliza ulitoe," ikasema sauti ya nyuma yao. Alikuwa Bina, mama yake Malachy, amesimama kwenye korido na mkongojo wake. "Maji ya miguu hayalali ndani ya nyumba."

"Ndiyo, mama."

"Sikutanii, Malachy!"

Bina alikuwa mtu wa zamani, wa enzi za kuoshea miguu kwenye beseni mbele ya moto. Enzi hizo, kabla ya kulala, lazima mtu atoke na beseni, apige ukelele "Jihadharini!" ndipo amwage, ili wapitao nje wasilowe. Maana yale maji yameshika miguu ya wenye nyumba, yanawajua. Yakilala ndani, wa nje wakiyaita, huwafungulia mlango. Wa nje ni nani? Wewe msikilizaji ungesema majini, na sitabishana nawe. Huku hawatajwi. Watu husema "wale", kisha hutazama pembeni. Siku hizi kila bafu lina tundu linalomwaga lenyewe, na hakuna anayepiga ukelele tena.

Noreen hakuyaamini hayo, lakini alimpenda aliyeyasema. Kumpenda mama mkwe ni jambo ambalo watu hulisikia wakacheka. Yeye alizika mama yake mzazi akingali mtoto, na Bina ndiye aliyemfundisha kuoka mkate, ndiye aliyekaa naye kitandani mimba mbili zilipotoka, bila kusema neno la kijinga hata moja. Na Bina naye alikuwa na lake. Mwanawe wa mwisho, Senan, alitoka na mashua kwenye Ziwa Conn majira ya baridi matatu yaliyopita. Mashua ilipatikana. Senan hakupatikana mpaka leo, na mama yake hana kaburi la kupelekea ua.

Malachy akakuta ni kile kifaa kidogo cha kuachia presha, kilichoko chini ya kisanduku, ndicho kilichopasuka. Akaagiza kingine. Akachomoa tambara, akalitundika. "Mpaka kije tuvumilie," akasema.

Basi wakavumilia. Asubuhi zulia dogo la bafuni likakutwa chapachapa, na hakuna aliyeoga. Kesho yake yakaonekana mabaka ya maji kwenye korido, moja baada ya jingine, yakiishia mlangoni kwa Bina. Noreen akayafuta. Alipolikamua dekio akasikia harufu ya tope la ziwani, tope la chini kabisa, na majani yaliyooza.

Kisha akaikuta karo imejaa. Maji ya kijivu, yenye utando wa sabuni, na tambara limesokomezwa tunduni mpaka likapotea.

"Malachy! Umesahau tambara lako tunduni."

"Nililitoa mbele yako."

"Limejirudisha lenyewe?"

"Usinifanye mwehu, Noreen. Nililitoa."

Noreen akalichomoa mwenyewe. Siku ya pili lilikuwa limerudi.

Na tangu siku hizo Bina akaanza kuisha. Hakuna neno jingine. Bakuli la uji likarudi kama lilivyokwenda, mashavu yakabonyea. Daktari akasikiliza kifua, akaandika dawa, akasema uzee. Lakini Noreen, akimvisha soksi, aliishika ile miguu. Ilikuwa na baridi ya maiti, na Noreen alikwishaosha maiti. Baridi ile ilikuwa ikipanda. Jana ilikuwa kwenye vifundo, leo iko nusu ya muundi. Na mwenyewe Bina anatabasamu.

"Anatuondokea," Noreen alimnong'oneza mumewe chooni, mlango umefungwa. "Kuna kitu kinamla humu ndani, Malachy. Naogopa."

"Nikishatengeneza shawa utatulia," akasema Malachy. Yeye mwenyewe macho yalikuwa mekundu.

Kifaa kikaja. Malachy akakifunga mchana wa Jumamosi, akafungulia maji, akafunga. Wakasimama wote wawili wakitazama chini ya kisanduku. Pakavu. Wakanywa chai na mkate wa siagi, Malachy akijisifu mpaka ukatamani anyamaze. Kisha akazima swichi kuu ya shawa ili isitumike mpaka mpira wa kuzibia ukae vizuri, akatoka kumrudishia jirani koleo lake. Ilikuwa bado jioni, lakini jioni za Novemba huku zina haraka, na jua lilikuwa limekwisha kuondoka.

Noreen akasuuza vikombe. Ndipo akasikia. Moja. Kimya. Mawili.

"Fundi wangu huyo," akasema kwa sauti, ili asikie mtu akisema. Lakini alikuwa ameshika kikombe bila kukisuuza, kwa sababu sauti ile haikutoka bafuni. Ilitoka nje, kwenye kokoto za uani, na ilikuwa ikizunguka nyumba, hatua ya miguu yenye maji, pole pole, dirisha hadi dirisha, ikasita kila mahali palipokuwa na pazia wazi, mpaka ikafika mlango wa nyuma ikasimama, na kupitia ubao wa mlango ikaja sauti ya kijana, ya upole, iliyopwaya kana kwamba mwenyewe hajaitumia muda mrefu.

"Maji ya miguu. Nifungulie."

Na bafuni, kwenye shawa iliyozimwa umeme, iliyokauka mchana ule mbele ya macho yake, kitu kikajibu, kikibubujika kama mtu anayezungumza na maji mdomoni.

Noreen akakimbia. Hakukimbilia nje, alikimbilia chumba cha Bina. Kitanda kitupu! Akasukuma mlango wa bafu, na pale, kwenye kile kigoda cha plastiki cha kuogea, alikuwa amekaa mama mkwe wake na gauni la kulalia limepandishwa magotini, miguu yote miwili ndani ya karo iliyojaa pomoni, na mkono wake mmoja ukishuka majini kukandamiza tambara.

"Mama! Ni wewe? Siku zote hizi ni wewe?"

"Shh. Anakuja. Usimtishe."

"Mwenyewe ulisema yasilale ndani! Mwenyewe!"

"Nilisema," Bina akanong'ona, na uso wake ulikuwa uso wa msichana. "Hayaruhusiwi kulala kwa sababu yanafungua. Nami nataka afunguliwe, Noreen. Ana miaka mitatu huko nje kwenye baridi."

Komeo la mlango wa nyuma likateleza. Noreen alilisikia likiteleza lenyewe, akasikia mlango ukigusa ukuta, akasikia hatua zikivuka jikoni alikokuwa sasa hivi, zikipita meza, zikipita jiko, na harufu ya tope ikatangulia mbele yake ikajaa korido, na taa ya bafuni ikafifia ikawa nyekundu, na Noreen akajua kwamba akiinua uso ataona, kwa hiyo hakuinua, akatazama sakafu, na kwenye sakafu ya mlangoni ikaja kusimama miguu miwili, imesharabu maji, nyeusi kama gogo lililozama, na haikuwa na vidole, hata kimoja, iliishia butu kama kwato.

"Senan," Bina akasema, akanyoosha mikono. "Mwanangu. Njoo."

Ubaridi ukapita magoti. Noreen aliuona ukipanda, ngozi ikibadilika kijivu kuelekea mapajani, na pumzi ya mama mkwe wake ikianza kukorota. Hakuwaza. Akapiga magoti, akatumbukiza mkono katikati ya miguu ya Bina, akalipata tambara, na chini ya maji, pale ambapo palikuwa na tundu tu na kina cha kiganja, kitu kikamshika kwa vidole.

Kilimshika kwa upole. Hilo hakumwambia mtu mpaka leo.

"Jihadharini!" Noreen akapiga ukelele, ukelele wa zamani, kwa nguvu zake zote. "Jihadharini, maji hayo yanakuja!" Akavuta.

Maji yakazunguka, yakakoroma, yakanyonywa. Miguu ya mlangoni ikayeyuka ikawa dimbwi, dimbwi likateleza juu ya vigae kufuata mengine, na kutoka ndani ya bomba, kwa mbali, kisha mbali zaidi, mtu akaita, "Mama!" Kisha tundu likameza hewa, na nyumba ikanyamaza.

Malachy aliwakuta wote wawili sakafuni. Miguu ya Bina ilikuwa ya moto.

Mgonjwa akapona. Daktari akasema ni dawa yake. Wiki ya pili Bina alikuwa akila kabichi na nyama, akimkaripia Malachy kwa viatu vyake, akibishana na redio. Alizungumza na kila mtu isipokuwa mmoja. Noreen alimletea chai, ikanywewa, asante hakuna. Alimfunga vifungo vya sweta, akakutana na macho yanayotazama ukuta. Ilimuuma, jamani, kuliko kidonda. Malachy akasema atalainika tu.

Karibu na Krismasi Noreen akashindwa. Akachuchumaa mbele ya kiti cha mama mkwe wake, akamshika magoti.

"Ningekuacha ufe?"

Bina akaendelea kutazama ukuta.

"Mama, hakuwa yeye. Naapa. Ni wale, walikuja na sauti yake, wakakudanganya. Mimi niliiona miguu yake, wewe ulikuwa ukitazama uso. Haikuwa miguu ya mtu. Haikuwa na vidole hata kimoja!"

Ndipo Bina alipomtazama, kwa mara ya kwanza tangu jioni ile, na hakukuwa na hasira ndani yake. Alimgusa shavu, kama unavyomgusa mtoto aliyevunja kitu bila kujua thamani yake.

"Kule ziwani kuna mikunga, Noreen, wale samaki kama nyoka," akasema. "Wakimla mtu aliyezama, huanza na vidole vya miguu."