Siku Tuliyokataa Isale

Jina langu ni Evaresta. Majirani wananiita Mama Agnela. Nauza maharage, mchele na unga hapa Sakina, karibu na barabara ya Nairobi. Mume wangu, Aminiel, ni seremala. Tulitoka Machame tukiwa vijana, tukaja Arusha kutafuta maisha.

Mungu alitupa binti mmoja, Agnela. Ana miaka ishirini na minne. Ni fundi cherehani, na gauni likitoka mikononi mwake linakaa mwilini vizuri. Najisifu? Basi, najisifu.

Ninayosimulia yalitupata mwaka juzi. Nayasimulia kwa ruhusa yake.

Jumamosi moja mchana, Aikande, mwenye duka la ushonaji alikofanya kazi binti yangu, alimtuma Agnela apeleke mapazia nyumbani kwa mteja. Mteja huyo alikuwa Sylvanus. Mtaa mzima ulimjua. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, mtu wa Machame kama sisi, tena wa ukoo wa mume wangu. Agnela alimwita baba mdogo.

Saa tisa Agnela alirudi. Alisimama mlangoni mwa duka langu. Blauzi yake ilikuwa imechanika begani.

"Mama," alisema, "baba mdogo Sylvanus alifunga mlango. Amenibaka."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilisema hivi: "Uliingia ndani kufanya nini? Kwa nini hukupiga kelele? Na hiyo sketi, si nilikwambia ni fupi?"

Agnela aliinamisha kichwa, akaanza kwenda bafuni, nyuma ya duka.

Namshukuru Mungu kwamba sikuwa peke yangu dukani. Nashipae alikuwa pale, anachagua maharage. Nashipae ni muuguzi. Nyumba yake na yetu zinatenganishwa na ukuta tu. Ni mama mpole, lakini siku ile aliacha maharage akasimama mbele ya mwanangu.

"Agnela, pole sana mwanangu," alisema. "Hujafanya kosa lolote. Nakuomba usioge kwanza, wala usifue hizo nguo. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Kisha akanigeukia. "Mama Agnela, umemuuliza maswali matatu. Yote yanamhusu yeye. Hujauliza hata moja kuhusu mwanamume aliyefunga mlango."

Nilisikia aibu, na aibu ile niliistahili.

"Lakini dada," nikasema, "si tukae kwanza na baba yake? Huyu ni mtu wa ukoo. Watu watasema nini?"

"Watu watasema. Dawa hazingoji," alijibu. "Kuna dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI. Inatakiwa ianze kabla ya saa sabini na mbili kupita, na mapema ndiyo bora. Kuna dawa ya kuzuia mimba pia. Daktari atampima na kuandika alichokiona. Akioga, ushahidi unaondoka na maji."

"Na polisi?"

"Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Watamsikiliza faraghani na kutoa fomu ya PF3, ile daktari anayoijaza kwa ajili ya kesi. Tutakwenda. Ila matibabu yanaanza kwanza."

Tulichukua nguo za kubadilisha, tukapanda bajaji. Njiani nilimshika Agnela mkono. Nilimwambia maneno ambayo yalipaswa kuwa ya kwanza: "Si kosa lako, mwanangu. Ni kosa lake yeye."

Hapo ndipo alipolia. Nami nililia.

Hospitali walitupokea vizuri. Daktari alimweleza Agnela kila hatua na kumwomba ruhusa kabla ya kumgusa. Nguo zake ziliwekwa kwenye mfuko wa karatasi. Jioni ile tulifika kwenye dawati la jinsia. Askari wa kike aliandika maelezo bila kumkatiza. Sylvanus alikamatwa kesho yake.

Jumanne saa nne asubuhi, wazee watatu wa ukoo walifika kwetu. Aliyewaongoza ni Mzee Ephraimu, ambaye ndiye aliyetuozesha. Mkononi alishika isale.

Wasiotujua niwaeleze. Isale ni jani refu la kijani. Sisi Wachaga tunalitumia kuomba msamaha. Ukiletewa isale hukatai, hata kama uligombana na ndugu yako miaka kumi. Ni mila nzuri, na imepatanisha wengi. Lakini ndiyo iliyokuwa karibu kummaliza mwanangu, maana ukilipokea, maneno yamekwisha. Agnela angezuiwa kusema, na kesi ingekosa shahidi.

"Aminiel," alisema Mzee Ephraimu, "kijana wetu amekosea. Binti naye alimfuata mpaka ndani. Pokea hili, tuyamalize nyumbani."

Mume wangu alitazama lile jani. Niliona mkono wake unaanza kuinuka. Agnela alikuwa amekaa pembeni, na hakuna aliyekuwa amemsalimia.

Nilipiga magoti mbele ya wazee. "Shikamooni, baba zangu. Naomba kusema. Aliyeumizwa ni Agnela. Mbona jani linapelekwa kwa baba yake? Na Sylvanus mwenyewe hajasema amekosa. Huko polisi amekana. Sasa tunamsamehe nani, na kwa lipi?"

Aminiel alishusha mkono. Akamgeukia binti yake.

"Agnela, wewe unasemaje?"

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "nilipeleka mapazia. Nilitumwa. Nataka niyaseme haya mahakamani."

Aminiel alirudisha mikono yote miwili mgongoni. "Mzee wangu, ninakuheshimu. Isale ni la wagombanao. Hii ni jinai. Kesi ni ya Jamhuri, si yangu wala ya ukoo. Sipokei."

Mzee Ephraimu alilikunja lile jani, akalitia mfukoni. Alimsogelea Agnela, akamwekea mkono kichwani. "Nisamehe, mjukuu wangu. Nilipaswa kuanza na wewe." Namshukuru mzee yule mpaka leo. Si rahisi mtu wa miaka themanini kusema hivyo.

Habari zikaenea. Wengine walitusema vibaya, sitawaficha. Lakini Jumapili iliyofuata Aikande alikuja kwangu analia.

"Mama Agnela, wasichana wawili kabla ya Agnela walikataa kwenda kwa Sylvanus. Niliwaita wavivu. Sikuwauliza kwa nini."

Nilitaka kumfokea. Kisha nikakumbuka mdomo wangu mwenyewe. Tulikwenda pamoja kwa wasichana wale. Tuliwauliza taratibu, bila kulazimisha. Mmoja alikubali kutoa ushahidi.

Nashipae alimwomba mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano. Pale alisema jambo ambalo sijalisahau: "Kila siku tunawafundisha mabinti kujilinda. Wavulana na waume zetu tunawafundisha lini? Mtaa ulijua huyu mtu ana tabia ya kushikashika wasichana. Tuliona ni utani. Ubakaji unaanza pale tunapocheka."

Tangu siku hiyo, mafundi wa gereji ya mtaani kwetu wanakemeana wenyewe. Anayemshika msichana anaambiwa hapohapo aache, na akirudia anaripotiwa. Kwenye jumuiya yetu ya kanisani, akina baba wanazungumza na vijana wa kiume kila mwezi. Aminiel ndiye mwenyekiti wao. Na mtoto akidhurika, sote tunajua namba 116, ya kupiga bure.

Kesi ilichukua miezi kumi na moja. Sylvanus yuko gerezani. Agnela alipata ushauri nasaha, akarudi kwenye cherehani. Sasa ana duka lake, na Aikande ndiye anayemletea wateja.

Juzi tulikuwa tunachambua maharage mimi na yeye. Nilimwambia, "Mwanangu, nisamehe kwa yale maswali yangu."

Aliendelea kuchambua. "Mama, ulichelewa nusu saa tu. Yule msichana aliyetoa ushahidi, mama yake bado hajamwambia kwamba si kosa lake."

Niliinuka, nikajifunga kanga. Nilikwenda kugonga mlango wa mama huyo.