Sauti ya Karai

Fundi cherehani alikuwa na masikio makali. Kazi yake ilimtaka ainame toka asubuhi, macho kwenye sindano, mguu kwenye pedali. Basi mambo mengi ya nyumbani aliyajua kwa kusikia tu. Cherehani yake ilikaa katika chumba cha mbele. Nyuma yake lilining'inia pazia, na nyuma ya pazia palikuwa jikoni. Miaka kumi na miwili alimsikia mkewe akipika humo, na hata siku moja hakuinuka kwenda kutazama.

Sasa ni miezi saba tangu mkewe afariki. Jiko limebaki mikononi mwa fundi.

Alibaki na binti mmoja wa miaka kumi na mmoja. Alimwita Sindano, kwa sababu mtoto huyu alikuwa na ulimi mkali tangu alipojua kusema. Wateja walikuja kupima nguo, wakaondoka wakishika mbavu kwa kicheko. Lakini siku hizi Sindano hasemi. Akirudi shule anavua viatu na kujilaza. Viganja vyake vimepauka. Akipanda vidato vitatu vya mlangoni, anahema kama mzee.

Fundi alimpeleka kliniki. Muuguzi alimpima, kisha akamgeukia baba.

"Damu ya mtoto ni kidogo, baba. Anakula nini?"

"Nampikia kila siku."

"Sikuuliza unapika nini. Nimeuliza anakula nini."

Fundi akatazama viatu vyake. Ukweli ni kwamba mtoto alikula wali mkavu na kunywa chai, basi. Mboga aliisukuma pembeni ya sahani.

Muuguzi alimpa vidonge vya kuongeza damu. "Mpe kimoja kila siku. Lakini vidonge peke yake havitoshi. Ale dengu, maharage na mboga. Chai asinywe pamoja na chakula, maana inapunguza faida ya chakula kwenye damu. Mrudishe baada ya wiki nne. Nikiona damu haijapanda, itabidi tumlaze."

Neno lile la kulazwa lilimkata maini. Mkewe naye alilazwa. Alikwenda kwa miguu yake, na hakurudi.

Jioni ile fundi aliapa kupika kama marehemu. Alifumba macho, akakumbuka alichokuwa akisikia nyuma ya pazia. Kwanza: ta-ta-ta-ta. Kisha: shwaaa! Ile ta-ta-ta alijua ni kisu juu ya ubao. Ile shwaaa, alikuwa na hakika, ni maji yakimiminwa sufuriani.

Basi akakata kabichi, ta-ta-ta. Akamimina jagi zima la maji. Akachemsha nusu saa, akamwaga maji, akanyunyiza manjano juu yake kutoka kwenye kopo la viungo la mkewe. Ndivyo alivyokuwa akifanya miezi yote saba. Leo aliongeza manjano zaidi.

Sindano alionja. Akaweka kijiko chini.

"Nimeshiba, baba."

"Umeshiba nini, na hujala?"

"Baba, hii kabichi imekufa mara mbili."

Siku nyingine fundi angecheka. Leo alipiga meza kwa kiganja. "Kula! Unataka na wewe uniache?"

Mtoto akala vijiko viwili, machozi yakidondoka sahanini. Kijiko cha tatu hakikukaa. Alikimbilia uani akatapika. Kisha akaingia chumbani na kufunga mlango taratibu. Fundi aliona aibu. Alijichukia kwa kuipiga ile meza.

Nyumba ya pili aliishi mama mmoja aliyepika katika jiko la hospitali miaka ishirini na mitano. Wote walimwita Mama Mpishi. Bibi yake mzaa mama alikuwa Mhindi, na kwake ndiko alikojifunza viungo. Mama Mpishi alikuwa shoga mkubwa wa marehemu. Tangu mazishi, fundi alimkwepa. Kumwona yeye peke yake, bila mkewe ubavuni, kulimuumiza.

Fundi akapiga moyo konde. Akachukua ile sahani, akaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani umesahau njia ya kwangu."

Akamweleza yote: damu, muuguzi, meza. Mama Mpishi akaonja kabichi kidogo kwa ncha ya kijiko.

"Umeichemsha muda gani?"

"Nusu saa."

"Na maji yake?"

"Nimemwaga."

"Basi ubora wa mboga umepita mtaroni. Na haya manjano hayakuona moto wa mafuta, ndiyo maana yana ladha ya vumbi. Nani alikwambia utie maji?"

Fundi akamsimulia juu ya ta-ta-ta, na shwaaa.

Mama Mpishi hakucheka. Aliweka sahani chini, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Yale hayakuwa maji, mwanangu. Miaka kumi na miwili, na pazia lenyewe jepesi vile! Twende jikoni kwako."

Walipofika, aliomba kopo la viungo. Ndani yake mlikuwa na manjano, mbegu nyembamba za bizari, na kijipakiti cha mbegu nyeusi, ndogo kama vichwa vya pini.

"Hizi haradali mbona hujazigusa?"

"Sikujua kazi yake. Na zimebaki kidogo. Alizinunua yeye. Zikiisha..."

Mama Mpishi alimshika bega. "Haradali zipo sokoni tele, baba. Mtoto ni huyu mmoja. Alizinunua ziliwe."

Fundi akamkabidhi kijipakiti. Kisha akabadilisha mawazo, akakichukua tena.

"Niache nitie mwenyewe. Wewe nielekeze."

"Hayo ndiyo maneno. Kwanza osha mboga kabla ya kukata, kisha zikaushe kwa kitambaa safi. Mboga yenye maji ikikutana na mafuta ya moto itakurukia usoni. Kata kabichi nyembamba. Karoti iwe nyembamba pia, ili viive pamoja. Una njegere?"

"Zipo."

"Vizuri. Na dengu?"

"Nimechemsha tangu mchana. Hizo nazijua."

"Basi mboga hii italiwa kando ya wali na dengu. Haina mchuzi. Dengu ndizo zenye mchuzi."

Fundi alikata kwa jicho lake la ushonaji: vipande vyote sawa, utadhani vimepimwa kwa futi. Mama Mpishi akamtania kwamba anashona kabichi. Kisha fundi akaweka karai motoni, akatia vijiko viwili vya mafuta.

"Tia mbegu moja ya haradali. Ikiruka, mafuta tayari. Haya, tia kijiko kidogo. Shika mfuniko, rudisha uso nyuma."

Fundi akatia. Akafunika. Ndani ya karai mbegu zikalia: ta-ta-ta-ta.

Mkono wake ukaganda juu ya mfuniko. Kumbe ile haikuwa sauti ya kisu.

"Usizubae, zitaungua! Punguza moto. Tia bizari nyembamba. Kitunguu. Tangawizi. Pilipili mbichi moja, usiikate, ili mtoto apate harufu bila ukali. Sasa manjano, nusu kijiko kidogo. Koroga mara mbili tatu tu. Manjano yakiungua ni machungu. Haya, zidisha moto, tia mboga zote!"

Fundi akainua bakuli kwa mikono miwili, akamimina.

Shwaaa!

Mlango wa chumbani ukafunguka kwa kishindo. Sindano akatokea mbio, miguu mitupu.

"Mama!"

Akasimama hapo. Akamwona baba yake na mwiko, na jirani pembeni. Uso wake ukabadilika. Fundi akampa jirani mwiko, akapiga magoti, akamkumbatia mtoto.

"Hata mimi," akamwambia. "Hata mimi nimemsikia. Na nisamehe kwa ile meza."

Walilia wote wawili bila kuficha. Mama Mpishi alikoroga mboga peke yake. Akatia chumvi kidogo, akafunika, akapunguza moto.

"Dakika tano," akasema polepole. "Maji hatutii. Mvuke wa mboga wenyewe unatosha. Mbichi hatutaki, na iliyolegea hatutaki. Ukiitafuna, ikujibu kidogo."

Kabichi ilibaki na rangi, karoti ziking'aa, njegere kijani. Walipotoa karai motoni, Mama Mpishi akakamulia limao. "Limao huusaidia mwili kupata kutoka kwenye dengu kile kinachojenga damu. Chai isubiri saa nzima au zaidi."

Sindano alionja. Akatafuna muda mrefu. Kisha akavuta sahani karibu.

"Baba, hii iko hai," akasema. Akajipakulia tena mara mbili.

Kuanzia hapo fundi alipika kila siku. Leo kabichi, kesho maharage mabichi, keshokutwa mchicha, ambao alijifunza kuutoa motoni mapema zaidi. Vidonge mtoto alimeza bila kukosa. Wiki ya nne walirudi kliniki. Muuguzi akapima, akatazama karatasi ya zamani, akatabasamu.

"Damu imepanda. Hatulazi mtu hapa. Endeleeni hivyo hivyo, na vidonge msiviache mpaka niseme."

"Na mdomo wake umerudi pia," fundi akasema. "Huo sijui una dawa gani."

Jumamosi moja Sindano alisema atapika yeye. Mama Mpishi alikaa karibu yake jikoni kumwangalia. Fundi alirudi kwenye cherehani, akaacha pazia wazi. Haradali sasa zilikuwa za sokoni, kopo lilikuwa lile lile. Aliinama, akakanyaga pedali.

Ta-ta-ta-ta. Kisha shwaaa.

Mguu wa fundi ukatulia juu ya pedali.

"Baba!" Sindano akaita kutoka jikoni. "Mbona cherehani imenyamaza?"

"Nasikiliza, mwanangu," akajibu. Kisha akainuka, akaenda kutazama.