Siku Tisa Stoo

Rafiki yangu, fundi cherehani, alichukua mbwa mzee kwenye kituo cha mbwa waliotupwa. Hakuna mwingine aliyemtaka.

Mchana mmoja mteja alifuata suruali yake. Mbwa akainuka, akamkazia macho bila kubweka.

"Hee! Kizee hiki bado hakijafa?" mteja akacheka. "Nilikifungia stoo siku tisa, nikajua kazi imekwisha."

Fundi akamtupia suruali kifuani. "Toka! Na wewe yakupate hayo hayo!"

Kesho yake dada wa mteja akaingia akihema. "Fundi, nisaidie! Tangu kaka atoke hapa haonekani, na stoo kwake kuna kitu kinaparura."

Fundi akamwacha mbwa amelala chini ya cherehani, akafunga duka, wakaenda. Kwa yule mteja umeme ulikuwa umekatika, na ukumbi wa kwenda stoo hauna dirisha. Gizani wakasikia kucha zikiparura mbao, chini kabisa ya mlango.

"Kaka?"

Kuparura kukakoma. Mtu mzima akalia kwa sauti nyembamba, bila neno hata moja.

Fundi akapapasa mpaka akalipata komeo. Lilikuwa limefungwa kwa nje, nalo lilikuwa limelowa mate, bado ya uvuguvugu.