Jina la Mwalimu

Sokoni chini ya boma la Wajerumani, Arusha, watu walikuwa wakisukumana kama mbuzi mlangoni. Lesikar akamkanyaga mwanamke mmoja aliyevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe. Kitabu kikamponyoka, kikaangukia maganda ya ndizi.

"Kiokote basi," alisema mwanamke. "Au mawe ya boma yamekumaliza mgongo?"

"Mgongo wameuchukua wao. Mikono wameniachia." Akakipangusa. "Kinasema nini hiki?"

"Uongo mtamu. Wewe si Baba Nalepo? Mimi Ndeshi, mwalimu wa binti yako pale misheni."

Lesikar alikuwa mgane. Mkewe alikufa kwa homa Lesikar akiwa kwenye kazi ya lazima ya kubeba mawe ya boma, na jumbe, mkuu wa kijiji aliyewekwa na Wajerumani, akamnyima hata ruhusa ya kwenda kuzika. Tangu hapo hakuwa amecheka. Siku hiyo alicheka.

Akaanza kupita shuleni kila baada ya zamu, eti anatengeneza uzio. Dirishani alimsikia Ndeshi akisoma riwaya ya Kijerumani, akiigeuza Kiswahili papo hapo. Tajiri kapoteza pete, kijakazi anafukuzwa.

"Nani mwizi?"

"Kijakazi," darasa zima likajibu.

"Nani kasema?"

"Kitabu."

"Kitabu, au tajiri aliyemo kitabuni?"

Nalepo, miaka kumi na mitano, akainua mkono. "Tajiri. Na hakuna aliyemwona akiiba."

"Basi hiyo ni tuhuma. Kinachokosekana ni ushahidi. Andikeni maneno yote mawili."

Walipotoka, Lesikar akamsindikiza mwalimu. "Na mimi nikisema nakupenda?"

"Tuhuma, Baba Nalepo. Lete ushahidi."

"Ule uzio. Nimeubomoa mara tatu ili niutengeneze."

Ndeshi alicheka mpaka akashika mti. Wakakubaliana kwamba mvua zikiisha, Lesikar apeleke asali ya posa kwa baba yake.

Kabla mvua hazijaisha, jumbe alifika uani kwa Lesikar na askari wawili. "Juzi ulitoroka zamu. Viboko ishirini na tano."

Uongo mtupu. Juzi Lesikar alibeba mawe mpaka mabega yakachubuka. Lakini aliyesema ni Nalepo.

"Hiyo ni tuhuma, bwana jumbe. Ushahidi uko wapi?"

Jumbe akamgeukia polepole. "Nani kakufundisha hayo?"

Askari alikwishakunjua kiboko. Lesikar akamvuta binti nyuma yake. "Mtoto huyu, bwana. Ni maneno ya mwalimu Ndeshi. Yeye ndiye anayewafundisha."

Jumbe akatabasamu, viboko akavisamehe. Wiki hiyo hiyo boma likamwandikia padre wa misheni, padre akatii kama watiivyo wote wenye kula vizuri. Riwaya ikachukuliwa. Ndeshi akaamriwa kwenda Moshi kufundisha wasichana kushona.

Lesikar alimkuta akifunga mzigo.

"Jumbe ni mwongo," alisema. "Boma ni wanyang'anyi. Padre naye mwoga."

"Kweli tupu. Ila jina langu hawakuwa nalo."

"Wangemchapa mwanangu."

"Najua. Ningekuwa mimi, labda ningefanya vilevile." Akamfuta vumbi begani, mkono ukakawia. "Nakupenda, Baba Nalepo. Ila kila nikikutazama nitamwona jumbe akitabasamu."

Nje, Nalepo alikuwa na furushi kichwani.

"Wewe waenda wapi?"

"Moshi, na mwalimu." Akainamisha kichwa aguswe kwa heshima, bila kumtazama baba yake usoni.

Lesikar akamgusa utosini. Kisha akaenda bomani. Jiwe lake lilikuwa limewekwa kando, linamngoja.