Wali Usio na Mpishi

Saa nane mchana msimamizi wa kiwanda cha kufulia alitapika juu ya mashuka aliyokuwa akiyakunja, akakaa chini polepole, akashindwa kuinuka. Kabla hawajampepea, mwenzake wa mashine ya pili akakimbilia mfereji. Ilipotimia saa tisa watu sita walikuwa wamelala kwenye sakafu yenye maji, na mashine bado zilizunguka, maana hakuna aliyekumbuka kuzizima.

Inspekta aliyepewa kesi hiyo, wenzake kituoni walimwita Miguu kwa sababu hawakuwahi kumwona ameketi. Mama huyo alikizunguka kiwanda akifunua hiki na kunusa kile. Juu ya meza ya chakula palikuwa na sufuria ya wali, karibu tupu. Kila mtu aliijua. Ilikuwa ya mpishi wao, mwanamke aliyepika nyumbani kwake na kuwaletea chakula kila adhuhuri.

Kila mtu pia alikuwa na maneno yaleyale ya kusimulia. Jana yake msimamizi alimwambia mpishi kwamba wali wake una mawe kuliko barabara, akakataza mtu yeyote asiuguse. Mpishi akaiacha sufuria imejaa, akaondoka analia. Alipofika mlangoni akageuka na kusema, "Mtayatapika hayo maneno." Jioni sufuria haikuonekana, wakajua amerudi kuichukua.

Basi wametapika. Mdomo uliponza kichwa. Polisi waliotangulia walikuwa wameshamkamata mpishi, na chini ya kitanda chake wakakuta pakiti ya sumu ya panya. Kwao wao kazi ilikuwa imekwisha.

"Leo sikupika," mpishi alimwambia Inspekta kituoni. "Nilisusa, afande. Nilitaka waonje njaa kidogo."

"Wamekula wali, kwenye sufuria yako. Tena ulikuwa wa moto."

"Basi mtafute aliyeupika. Si mimi."

Pakiti ya sumu ilikuwa haijafunguliwa. Lakini mtu anaweza kununua mbili, na Inspekta alilijua hilo, ndiyo maana hakutulia.

Alirudi kiwandani akamhoji mpiga pasi, wifi yake mpishi, dada wa mumewe. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani. Alieleza kwamba sufuria ililetwa na kijana wa pikipiki asiyemjua, mwenye kofia nyekundu.

Inspekta akaimaliza siku akifukuzana na kofia nyekundu. Mwenye pikipiki mmoja alikuwa ameshinda kwa fundi, na mafundi watatu wakamtetea. Mwingine alicheka mpaka akashika mbavu, akasema yeye habebi sufuria hata ya mama yake. Hospitalini msimamizi alikuwa hajitambui, na akifa, kesi itageuka ya mauaji. Inspekta alikunywa chai yake amesimama, ikamuunguza, akaenda nayo hivyohivyo.

Asubuhi daktari alimwambia kwamba hakuona dalili yoyote ya sumu ya panya. Alishuku wali wenyewe. Akamweleza kuwa kuna vijidudu vinavyokaa kwenye mchele na havifi vyote ukipikwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, vinaamka, vinazaana, vinaacha sumu ndani yake.

"Na ukiuchemsha tena?"

"Vijidudu vitakufa. Sumu itabaki palepale."

Inspekta akaenda moja kwa moja kwa mlinzi wa lango. Mlinzi aliapa kwamba jana pikipiki haikuingia, wala mtu yeyote mwenye sufuria. Lango lilifungwa kwa sababu mashuka yalikuwa yanaibiwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

"Kikulacho ki nguoni mwako, afande," alisema.

Kwa hiyo sufuria haikuingia jana. Ilikuwa humo humo. Kiwanda hakikuwa na jiko, ila kilikuwa na chumba cha kukaushia, chenye joto usiku na mchana, ambacho mpiga pasi ndiye aliyekitunza. Kwenye rafu ya nyuma, chini ya mablanketi, Inspekta akakuta shuka jeupe lenye duara la masizi. Aliipima sufuria juu yake, ikaenea sawasawa.

Akaagiza mpishi aletwe. Wifi wawili wakasimamishwa pande mbili za meza ya kupigia pasi, na bomba la mvuke likifoka kati yao.

"Kijana wa kofia nyekundu hayupo," Inspekta alimwambia mpiga pasi. "Sufuria ililala humu."

Mpiga pasi hakubisha. Alikuwa ameificha ili wali usimwagwe, akitumaini kesho yake hasira zitapoa. Kesho ikafika, wifi yake hakutokea, na msimamizi akaapa kwamba adhuhuri ikipita bila chakula atatafuta mpishi mwingine. Ndipo alipoiweka sufuria kwenye mvuke mpaka ikafoka, akawaambia wenzake kwamba imeletwa. Aliamini moto huua kila kitu. Yeye mwenyewe alikula, akatapika nyuma ya mapipa ya sabuni.

"Kama ulikula, hukujua wali una sumu," Inspekta alisema. "Sasa yule kijana ulimzua wa nini?"

Mpiga pasi aliinamisha kichwa.

"Nilipowaona wanaanguka, nikakumbuka alivyosema mlangoni. Nikajua aliutia kitu kabla hajaondoka. Nikasema moyoni, wifi yangu amekosa, lakini ni mama wa watoto wa kaka yangu. Nitamficha."

Inspekta akawaeleza alichosikia kwa daktari. Hakuna aliyetia kitu. Msimamizi naye alikuwa amefumbua macho alfajiri na kuomba maji. Inspekta akamfungua mpishi pingu, kisha akajibwaga juu ya rundo la mashuka, akaketi. Hakuona raha aliyoitarajia.

Mpiga pasi alinyoosha mikono kumkumbatia wifi yake. Mpishi akarudi nyuma hatua moja. Uso wake ulikuwa na uchungu ambao hata rumande haukuwepo.

"Hawa wengine nawasamehe, hawanijui," alisema. "Wewe tumelala kitanda kimoja nikiuguza mama yako, wifi. Na wewe uliamini."

Akainyanyua sufuria yake. Ilikuwa kielelezo cha polisi, lakini Inspekta hakuthubutu kumwambia airudishe. Alipofika mlangoni, safari hii, hakugeuka.