Ruta Nyuma ya Masinia

Najma akirudi shule alikuwa na mambo matatu ya kufanya kabla hajagusa daftari: kuvua sare, kula, na kupeleka sahani. Kupeleka sahani ndiko alikokupenda kuliko yote. Pale ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, kulikuwa na milango miwili iliyopakana, wa kwao na wa Bibi Anjana, mama mtu mzima wa Kihindi aliyezaliwa Kariakoo hiyohiyo na anayezijua bei za sokoni kuliko madalali wenyewe. Bibi Anjana akikaanga bhajia, sahani inaingia kwa kina Najma imefunikwa kitambaa. Mama yake Najma, Bi Zamda, hawezi kuirudisha hivihivi. Ataitia visheti au mkate wa kumimina, na siku ambayo jikoni hakuna kitu ataweka hata ndizi mbili. Sahani yenyewe ilikuwa ileile moja, yenye maua ya buluu.

Waifai nayo ilipita ukuta uliotenganisha nyumba hizo mbili. Bi Zamda aliuza kanga na vitenge, na kila siku saa tisa alasiri alisimamisha simu yake mezani, akawaonyesha wateja wa Songea na Mbeya mzigo mpya, doti moja baada ya nyingine. Ruta, kile kisanduku cha kurusha mtandao, ilikaa kwenye rafu, juu ya ukuta unaopakana na Bibi Anjana. Neno la siri Bi Zamda alikuwa amempa jirani yake kwa mdomo wake mwenyewe, maana huwezi kula bhajia za mtu miaka nenda miaka rudi halafu ukamnyima mtandao. Basi ikifika saa kumi, Bibi Anjana anakaa kwenye kiti chake cha kamba, anampigia mjukuu wake Rinkal, mtoto wa miaka minane anayeishi Muscat na baba yake. Rinkal anamsomea bibi yake hadithi za Kiswahili, bibi anamsahihisha, na wakicheka Najma anawasikia.

Sasa, Jumatatu moja, Najma akaruka kamba sebuleni. Jambo hilo lilikuwa limekatazwa, tena si mara moja. Lakini chini mtaani mikokoteni haikuachia mtu nafasi ya kusimama, sembuse kuruka, na mashindano ya shule yalikuwa Ijumaa. Mama hakuwapo. Najma akasogeza meza, akaanza kuhesabu. Alipofika thelathini na mbili kamba ilinasa waya wa ruta, na ruta ikaja chini.

Taa zake bado ziliwaka, lakini antena moja ilikuwa imevunjika shingoni, inaning'inia. Najma akaizungushia selotepu. Alipoirudisha rafuni akaona selotepu inaonekana tangu mlangoni. Akatafuta pengine pa kuiweka, na macho yake yakaangukia kabati la vyombo, kule kwenye ujia wa kwenda jikoni. Ruta ile ilikuwa ya kutia laini ya simu, haikuhitaji kitu zaidi ya umeme, na soketi ilikuwapo. Akaipenyeza nyuma ya masinia saba ya bati, yale makubwa ya pilau ambayo mtaa mzima huja kuyaazima wakiwa na shughuli. Kisha akafunga mlango wa kabati.

"Ruta imekwenda wapi?" mama akauliza jioni.

"Nimeiweka kabatini, mama. Pale rafuni inaingia vumbi."

Bi Zamda akamtazama binti yake kwa furaha. "Unaona? Mtoto amekua huyu," akasema, na baba aliporudi kutoka bandarini akamsimulia tena mbele ya chakula. Najma akainamia wali wake. Angetukanwa pale asingeumia kama alivyoumia kwa kusifiwa.

Mtandao ukaanza kusuasua. Jumanne picha iliganda mara mbili. Jumatano wateja walilalamika kuwa wanaona nusu ya kanga, na jina wala hawalisomi. Alhamisi mama alizungumza peke yake dakika tano nzima, akieleza rangi za kitenge, kumbe upande wa pili hakuna aliyemsikia. Alizima simu akaketi juu ya marobota yake ya kanga. Muda huohuo Bibi Anjana akachungulia mlangoni.

"Zamda, mtandao una nini? Rinkal wangu anakatikakatika."

"Sijui, Bi Anjana," mama akajibu, bila kumkaribisha ndani.

Mlango ulipofungwa mama akashusha sauti. "Kuna watu wanatunyonya. Bibi huyu atakuwa amewapa neno la siri vijana wa dukani chini, ndio maana sote tunakwama." Akamgeukia Najma. "Wewe mambo haya unayaelewa kuliko mimi. Si ndivyo?"

Hapo ndipo pa kusema. Najma alilijua hilo, na ulimi ulikuwa tayari. Lakini akaiona ile selotepu akilini, akayaona na macho ya mama yaliyomsifu mbele ya baba.

"Labda," akasema.

Neno moja tu. Usiku huo mama akabadilisha neno la siri.

Kesho yake, Ijumaa, sahani ya maua ya buluu ilikuwa kwao, imeoshwa na kukauka. "Mrudishie mwenyewe sahani yake," mama akasema.

"Tutie nini, mama?"

"Nimesema mrudishie sahani."

Najma hajapata kuona hatua nane zikiwa ndefu namna ile. Akabisha hodi, akaamkia, "Shikamoo, Bibi." Bibi Anjana akaitika, "Marahaba," akaipokea sahani kwa mikono miwili kama kawaida. Akaitazama ilivyo tupu, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Ahsante, mwanangu. Mwambie mama nimeipata."

Akafunga mlango taratibu. Mashindano ya kamba Najma hata hakwenda, alimwambia mwalimu tumbo linamuuma.

Jumamosi alasiri mama akamtuma nazi. Akirudi, kwenye dirisha la ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, akamkuta Bibi Anjana amekaa juu ya kreti la soda, goti lake bovu amelinyoosha, simu ameinua karibu na nondo za dirisha. Kwenye kioo uso wa Rinkal ulikuwa umeganda mdomo wazi.

"Bibi, mbona hukai kwenye kiti chako?" sauti ya Rinkal ikafika kwa vipande.

"Nimetoka kupunga upepo," Bibi Anjana akasema kwa uchangamfu. Simu ikakatika. Akamwona Najma, akatabasamu kidogo. "Kule ndani mtandao wa simu haushiki kabisa. Hapa unapatapata, ila bando limekwisha. Pita, mwanangu, nazi nzito hizo."

Najma akapita. Uso ulimwaka mpaka masikioni. Mama mzee yule amenyang'anywa kitu chake, naye bado anawafichia aibu yao kwa mjukuu wake.

Nyumbani akamkuta fundi wa mtandao. Aliitwa Vicky, dada mmoja mwenye begi mgongoni na maneno machache, na mama alikuwa anamweleza habari za jirani mnyonyaji. Vicky akafungua simu yake, akamwonyesha orodha.

"Mama, ukiacha hii yangu, vilivyounganishwa ni vitatu. Simu yako, ya mzee, na televisheni. Mgeni hayupo."

"Si nimebadilisha neno la siri juzi."

"Na tangu juzi mtandao umepona?"

Mama akatikisa kichwa. "Haujapona."

"Basi huyo jirani si yeye."

Vicky akaanza kutembea na simu mkononi kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Sebuleni, kijistari kimoja cha mtandao. Chumbani, hakuna. Akaja kwenye ujia, mbele ya kabati, vistari vikapanda. Akafungua kabati, akagonga sinia kwa kucha.

"Mmeifungia ruta jela. Mawimbi hayapenyi kwenye bati, na haya ni mabati saba. Kinachovuja hapo ndicho mnachogombania. Nani aliiweka humu?"

"Mwanangu. Aliogopa vumbi."

"Basi hakujua, wengi hukosea hivyo," Vicky akasema, akaingiza mkono nyuma ya masinia.

Njia ya kuponyoka ilikuwa wazi mbele ya Najma. Angenyamaza tu, ingebaki kuwa hakujua, basi. Mama mwenyewe alishaanza kupumua vizuri. Vicky akaitoa ruta, kidole gumba chake kikatua juu ya selotepu. Akaiona. Akamtazama Najma.

"Si vumbi," Najma akasema. Sauti yake ilitoka ndogo, ikambidi arudie. "Si vumbi, mama. Niliruka kamba ndani, nikaiangusha, antena ikavunjika. Nikaificha."

Mama akakaa juu ya marobota. "Na juzi nilipokuuliza habari za Bi Anjana, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniambia labda."

Najma akalia. Hakupigwa wala hakukaripiwa, na hilo ndilo lililomtisha. Mama alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. "Mtu mzima yule," akasema ndani ya mtandio, "nimemrudishia sahani tupu. Wewe umeficha, na mimi sikuuliza mara mbili. Nilikuwa nataka mtu wa kumlaumu."

Vicky akaendelea na kazi yake. Alitoa antena nyingine begini, akaifunga, akaipandisha ruta kwenye rafu yake ya zamani. "Ikae juu, mahali pa wazi, mbali na mabati na friji. Na ikizorota tena, angalieni kwanza iko wapi, ndipo mtazame nani anatumia." Alipojaribu sebuleni vistari vyote vikasimama.

Visheti vya siku ile Najma alivikanda na kuvikata mwenyewe, mama alikaanga tu. Sahani yao ya kupelekeana ilikuwa kwa jirani, kwa hiyo mama akachukua sinia moja kabatini, dogo kuliko yote, wakalijaza. Wakabisha hodi wote wawili.

"Bi Anjana, nimekukosea," mama akasema kabla hajaingia. "Nimekudhania ubaya usio wako." Kisha akamsukuma Najma mbele kidogo, na Najma akaeleza yote, kamba, selotepu, masinia, mpaka lile neno labda. Hilo lilikuwa gumu kuliko mengine.

Bibi Anjana alisikiliza mpaka mwisho. "Nimekasirika," akasema, "na nitakaa na hasira yangu mpaka kesho, mniache nayo. Lakini sikia, Najma. Ungevunja antena ukasema siku ileile, mama yako angefoka mpaka magharibi, basi, yamekwisha. Ulipoificha, kosa likatafuta mwingine wa kulibeba. Nimelibeba mimi, sikujua hata ni mzigo wa nani, na mjukuu wangu nikamdanganya kwa ajili yake. Siku nyingine ukivunja kitu, sema kikiwa bado sakafuni."

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

"Niwekee hilo neno la siri jipya." Akampa simu.

Najma akaandika. Hata hajamrudishia Bibi simu yake, ikaita mikononi mwake. Rinkal akatokea, uso mzima, safi, hata mswaki uliokuwa nyuma yake dirishani ulionekana.

"Bibi, umerudi kwenye kiti chako?"

"Ndiyo nakaa sasa."

"Na huyo ni nani?"

Najma akataka kujiondoa kwenye picha. Bibi Anjana akamshika mkono, akamketisha kwenye kigoda kando ya kiti cha kamba.

"Huyu ni jirani yangu," akasema. "Soma kwa sauti, naye asikie."

Rinkal akafungua kitabu. Mama Najma aliaga taratibu, akanyoosha mkono achukue sinia, lakini Bibi Anjana akalivutia kwake.

"Liache, Zamda. Nitalirudisha kesho, likiwa na kitu."