Ufa Kwenye Nozeli

Kila akitoka shule, Chiriku hupitia kiwandani kwa mama yake, wakarudi nyumbani pamoja. Jina hilo alipachikwa kwa sababu mdomo wake haupumziki. Mama yake ni fundi wa tanuri. Humo kioo huyeyushwa, kisha hupita kwenye nozeli, mdomo mdogo wa metali isiyoyeyuka kwa moto ule, kikatoka nyuzi laini za kuzuia joto majumbani.

Siku hiyo nozeli mpya ilikuwa mezani. Mama alikwisha kuikagua asubuhi.

"Usiiguse, mwanangu," alisema akienda kuvaa glavu. "Hii haiogopi moto, lakini ikiwa baridi huvunjika kama sahani."

Sikio la kufa halisikii dawa. Chiriku aliinyanyua achungulie tundu lake. Ikamponyoka, ikagonga saruji kwa mlio mkali. Alipoiokota, aliona ufa mwembamba kama unywele ubavuni. Akairudisha mezani, ufa ukiwa chini.

"Mama Chiriku, harakisha, tanuri linatungoja!" msimamizi aliita.

Mama aliichukua nozeli. "Mbona kimya leo? Umemeza ulimi?"

"Nimechoka tu, mama."

Kupitia dirisha la kioo, Chiriku alimwona mama yake akipiga magoti chini ya tanuri, akikaza skrubu. Jasho lilimtoka Chiriku ingawa alikuwa mbali na moto. Nikisema, nitachapwa, aliwaza. Labda ufa ni mdogo, hautadhuru. Msimamizi akashika mkono wa valvu, ile inayofungulia kioo kilichoyeyuka. Mama bado alikuwa ameinama pale pale kutazama nyuzi za kwanza zitakavyotoka, shingo wazi.

Chiriku aliusukuma mlango. "Usifungue! Mama, toka! Ina ufa, niliiangusha mimi!"

Msimamizi aliachia valvu kana kwamba imemuunguza. Mama aliifungua nozeli, akaibinya kidogo. Ikakatika vipande viwili mkononi mwake.

"Nisamehe, mama," Chiriku alilia. "Nisameheni nyote."

Mama alivua glavu, akamvuta karibu.

"Nilikukataza ukashika, na kwa hilo tutazungumza nyumbani. Lakini sikiliza, mwanangu. Kitu kuvunjika ni hasara tu. Kukificha ndiko kungeniua. Ukikosea, sema upesi, hata kama unaogopa, kwa maana kosa lililofichwa humwangukia asiye na habari."